Baba akipewa uhamisho, wewe utachezea wapi?

Ukilelewa kambini unajifunza kusoma dalili mapema. Mama anaanza kuomba katoni tupu dukani. Kuku wanagawiwa majirani. Televisheni inaviringishwa ndani ya blanketi. Kisha jioni moja buda anaingia, anavua buti mlangoni na kusema neno moja: "Tunahama."

Mimi ni binti wa mwanajeshi wa Jeshi la Nchi Kavu. Kufikia nilipomaliza kidato cha nne tulikuwa tumeishi katika kambi tatu: Gilgil, Mariakani na Eldoret. Kila mara vitanda na sufuria vilipakiwa kwenye lori, vikafika salama. Timu ndiyo haikupakiwa.

Watu hudhani shida kubwa ya mtoto wa mwanajeshi ni kupata shule mpya. Shule utapata tu, kwa sababu wazazi huishughulikia kabla ya kitu kingine chochote. Lakini hakuna anayemtafutia mtoto timu. Kocha wa ulikotoka hampigii simu kocha wa uendako. Unafika na njumu zako begani na hakuna hata mtu mmoja anayejua kwamba kule ulikotoka ulikuwa ukivaa jezi nambari tisa.

Nayaandika haya kwa ajili ya yule ambaye katoni ziko sebuleni kwao sasa hivi. Yanamfaa pia mtoto wa polisi, wa mwalimu, wa daktari wa serikali au wa mhubiri, maana wote hawa huhamishwa. Mengi niliyajua kwa kukosea, na aliyeumia zaidi kwa makosa hayo hakuwa mimi. Alikuwa ndugu yangu mdogo.

Tulivyochelewa Mariakani

Gilgil nilikuwa nikicheza voliboli ya shule. Ndugu yangu, niliyemzidi kwa miaka minne, alikuwa mtoto wa boli. Akitoka shule ni boli, akitumwa dukani ni boli, na mkate ukifika nyumbani huwa umebonyea kwa sababu uligeuzwa nguzo ya goli.

Tulihamia Mariakani mwezi wa Juni, katikati ya muhula wa pili. Kutoka baridi ya Bonde la Ufa tukajikuta kwenye joto la Kaunti ya Kilifi, kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa ambako malori hayalali.

Siku ya tatu nilimwendea mwalimu wa michezo wa shule yangu mpya.

"We wacheza nini, mwanangu?" akaniuliza.

"Voliboli, mwalimu."

Akatikisa kichwa. Orodha ya wachezaji ilikuwa imeshapelekwa na timu ilikuwa tayari mashindanoni. "Ungekuja mapema kidogo," akasema, na kwa kweli alionekana kusikitika.

Nilirudi nyumbani na kukaa. Hapo ndipo nilipokosea.

Nisichokijua wakati huo ni kwamba michezo ya shule za upili ina kalenda yake. Kwa miaka mingi muhula wa kwanza umekuwa wa riadha, mpira wa vikapu, mpira wa mikono, magongo na raga ya wachezaji 15. Muhula wa pili ni wa soka, voliboli, netiboli na raga ya wachezaji saba kila upande. Timu huanzia kwenye zoni, zikapanda hadi kaunti ndogo, kaunti, kanda, kisha taifa. Wanaong'aa huko huenda kucheza mashindano ya shule za Afrika Mashariki. Muhula wa tatu ni wa mitihani na viwanja vingi huwa kimya.

Kwa hivyo tarehe ya kuhama ina maana kubwa. Ukihama likizo ya Aprili na mchezo wako ni soka au voliboli, una nafasi ya kuingia kwenye majaribio ya kuchagua timu. Ukihama Juni, umechelewa kwa mashindano, lakini hujachelewa kwa mazoezi. Sentensi niliyopaswa kumwambia yule mwalimu ilikuwa hii: "Najua sitacheza mwaka huu, lakini naomba nifanye mazoezi na timu." Hakuna mwalimu wa michezo anayekataa mkono wa ziada wa kuokota mipira. Na mwaka ukianza upya, anayejulikana jina ndiye anayeitwa kwanza.

Jambo lingine la kuuliza mapema ni kanuni zinazomhusu mwanafunzi aliyehama. Mashindano ya shule yana masharti kuhusu uhamisho, yaliyowekwa ili shule zisivutiane wachezaji nyota. Wewe hukuvutwa na mtu, ulihama kwa sababu mzazi alihamishwa. Mwambie mwalimu hivyo siku ya kwanza na umpe barua ya kuhama ya shule yako ya zamani, ili jina lako lisije likaleta ngori timu ikiwa imeshinda mechi.

Mimi niliingia kwenye timu mwaka uliofuata. Mwanzoni nilikuwa wa benchi, baadaye nikacheza. Nilipoteza msimu mmoja tu. Ndugu yangu alipoteza zaidi ya hapo.

"Si tutahama tu?"

Alikuwa darasa la sita. Miezi ya kwanza alicheza na watoto wa kambini. Alipata mabeshte watatu. Kabla mwaka haujaisha, wote watatu walikuwa wameondoka, kila mmoja na lori la kwao.

Wakati huohuo baba alitumwa Somalia. Wanajeshi wa Kenya wamekuwa wakienda huko tangu Oktoba 2011, na kwa familia nyingi za kambini hilo limekuwa jambo la kawaida: baba au mama anaondoka, simu inapigwa inapowezekana, nyumba inajifunza kungoja. Mama alikuwa akisikiliza taarifa ya habari akiwa amesimama.

Ndugu yangu akaacha kucheza. Hakusema ameacha. Aliketi tu na simu ya mama kila jioni. Nilipomuuliza kwa nini asitafute timu, alinijibu bila kuinua kichwa, "Ya nini? Si tutahama tu?"

Njumu zake zilianza kumbana. Mama akampa mtoto wa jirani. Yeye hakuomba nyingine.

Nimefikiria sana jibu lake lile. Lilikuwa na mantiki, ndiyo maana lilikuwa gumu kulipinga. Ukishaaga marafiki mara mbili, mara ya tatu unaona heri usiwapate kabisa. Watoto wengi wa wanajeshi nilioishi nao walifika mahali hapo, wengine wakiwa na miaka kumi tu. Kwa nje mtoto wa namna hiyo huonekana mtulivu, hasumbui mtu, na wazazi hushukuru kwamba amezoea.

Uwanja wa ndani na uwanja wa nje

Kambi nyingi zina viwanja vizuri. Nyasi hukatwa, nyavu zipo, na hakuna anayekuuliza nauli. Jioni watoto wa wanajeshi hucheza pale wazazi wakiwa na amani kwamba geti linalindwa.

Lakini uwanja huo una kasoro moja. Kila mtu unayecheza naye ndani ya ua naye pia anangoja barua ya uhamisho. Timu hubomoka kila baada ya miezi michache. Kocha akiwepo ni afande ambaye anaweza kutumwa kazini wiki ijayo. Ukitegemea uwanja wa ndani peke yake utazoea watu kuondoka tu.

Wanaobaki wako nje ya geti. Mariakani vijana wa mtaani walikuwa wakipiga boli kila jioni, tukizisikia kelele zao tukiwa tumeketi sebuleni. Mwaka mmoja na nusu hatukuwahi kutoka kwenda kuona ni nani wanaocheza. Si kwamba tulikatazwa. Hatukuomba tu.

Ndiyo maana nasema, ukifika kambi mpya, wiki hiyohiyo ya kwanza zungumza na mzazi kuhusu kutoka. Kila kambi ina taratibu zake za kuingia na kutoka, kwa hivyo jua saa za mwisho na kitambulisho kinachohitajika. Kisha mtoke pamoja jioni moja, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili, mkitembea pole pole. Katika miji mingi uwanja wa shule ya msingi ndio uwanja wa mtaa. Ukiona watoto wenye jezi za rangi moja na mtu mwenye filimbi, umefika.

Usipoona kitu, uliza. Wahudumu wa boda wanajua kila uwanja, na wengi wao ni wachezaji au makocha jioni. Kinyozi anajua. Anayeuza jezi sokoni anajua zaidi, kwa sababu timu zote hununua kwake. Kanisani na msikitini kuna vikundi vya vijana. Na kwa mujibu wa Katiba, michezo na vifaa vyake ni kazi ya serikali za kaunti, kwa hivyo kila kaunti ina ofisi inayohusika. Nenda uulize ni timu gani za vijana zilizopo na uwanja gani uko wazi kwa umma.

Eldoret: "Basi shika saa"

Tulihamia Eldoret likizo ya Desemba. Baba alikuwa amerudi salama. Safari hii sikungoja shule ifunguliwe. Siku ya nne nilisikia kuna wasichana wanaofanya mazoezi ya voliboli kwenye uwanja mmoja nje ya kambi. Mama hakutaka niende peke yangu, akamwamuru ndugu yangu anisindikize. Alikuja amenuna, mikono mfukoni.

Upande wa pili wa uwanja huo kulikuwa na timu ya soka ya vijana. Kocha wao alikuwa mhudumu wa boda, pikipiki yake imeegeshwa nyuma ya goli. Alimwona ndugu yangu akiwa amesimama kando.

"Kijana, wewe unachezanga namba gani?"

"Mimi sichezi."

Nilidhani kocha angembembeleza, au angemwambia mambo ya kipaji na ndoto. Hakufanya hivyo. Alimpa simu yake yenye saa ya kuhesabu muda na kusema, "Basi shika saa. Dakika thelathini zikiisha, piga kelele."

Zikaisha, akapiga kelele. Siku iliyofuata nilipochukua begi langu nilimkuta tayari yuko mlangoni. Hakusema anaenda kucheza. Alisema, "Kocha hana mtu wa saa."

Alishika saa kwa zaidi ya wiki mbili. Akajua majina yao, nao wakajua lake. Kisha siku moja beki wa kushoto hakuja na upande mmoja ukawa na watu pungufu. Wote wakageuka wakamtazama. Aliingia na viatu vya shule.

Alicheza vibaya, siwezi kudanganya. Baada ya dakika kumi alikuwa ameinama, mikono magotini, anahema kama mzee. Lakini jioni ile alikula ugali vipande viwili vikubwa na kumuuliza mama kama zile njumu zingine za baba za zamani bado zipo.

Ninachokichukua kwenye kisa hiki ni kwamba si lazima uingie kwenye timu kupitia mlango wa uchezaji. Kama umekaa muda mrefu bila kucheza, au unaona haya, omba kazi. Shika saa, beba maji, andika mabao, piga picha, tunza mipira. Mtu mwenye kazi uwanjani si mgeni tena. Na ukiwa tayari uko kwenye timu, ukamwona mtoto mpya amesimama kando mikono mfukoni, usimuulize kama anaweza. Mpe kitu ashike.

Mwili nao unahama

Kuhema kule hakukuwa uvivu. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, ilhali Mariakani iko karibu na Pwani na mwinuko wake ni mdogo. Kadiri unavyopanda juu hewa inakuwa nyepesi, na kila pumzi inakuletea oksijeni kidogo kuliko ulivyozoea. Mwili hujirekebisha, miongoni mwa mengine kwa kutengeneza chembe nyekundu zaidi za damu, lakini hilo huchukua wiki kadhaa.

Kwa hivyo ukipanda kutoka Pwani kwenda Eldoret, Nyahururu au Nanyuki, wiki mbili au tatu za kwanza usishindane na wenyeji. Kimbia polepole, pumzika zaidi, na mweleze kocha umetoka wapi. Bila hivyo atadhani huna pumzi, nawe utaamini hivyo na uache.

Ukishuka kutoka milimani kwenda Mombasa, Mariakani au Lamu, pumzi itakuwa rahisi lakini joto litakuchapa. Mwili huhitaji kama siku 10 hadi 14 kuzoea joto. Fanya mazoezi asubuhi mapema au jioni, kunywa maji kabla hujahisi kiu, na anza na muda mfupi. Ukisikia kizunguzungu, kichefuchefu au kichwa kinauma sana, acha mara moja, nenda kivulini, jimwagie maji na umwambie mtu. Usijikaze ili uonekane ngangari.

Kila mji na mchezo wake

Kosa jingine la wanaohama ni kutafuta mchezo uleule tu. Nchi hii ina tabia ya kugawana michezo. Kwale kuna Kaya Tiwi, wasichana waliotamba kitaifa kwenye vikapu. Machakos kuna Kwanthanze na voliboli yake. Kakamega kuna Musingu kwenye magongo na Kakamega School kwenye soka. Trans Nzoia kuna Wiyeta kwenye soka ya wasichana. Nakuru raga ni kama dini. Ukienda Iten, mji ulio kwenye mwinuko wa kama mita 2,400, utawakuta wakimbiaji barabarani kabla jua halijachomoza.

Kwa hivyo usiishie kuuliza, "Kuna timu ya mchezo wangu?" Uliza pia, "Hapa watu hucheza nini?" Pale ambapo mchezo unapendwa kuna makocha, vifaa, mechi za kila wikendi na nafasi kwa wanaoanza.

Na ujuzi hauanzi sufuri. Aliyezoea kuruka kwenye voliboli atajifunza vikapu haraka. Kipa wa soka hana shida kusimama golini kwenye mpira wa mikono. Mkimbiaji wa mita 100 anaweza kuwekwa pembeni kwenye raga, ambako kasi ndiyo kila kitu. Mimi Eldoret niliendelea na voliboli, lakini nilianza pia kukimbia mbio za nyika. Sikushinda chochote, ila mpaka leo bado nakimbia.

Hata timu ya jeshi yenyewe imeshaonja kuhama. Ulinzi Stars, mabingwa wa ligi kuu mwaka 2003, 2004, 2005 na 2010, walijulikana kwa miaka mingi kama timu ya Nakuru wakichezea Afraha, kabla ya kuhamia Nairobi kwenye uwanja wa Ulinzi Sports Complex, Lang'ata.

Wanaosoma kwenye mtaala mpya wana sababu nyingine ya kuuliza mapema. Tangu Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 wako sekondari pevu, na mmoja wa mikondo mitatu ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Si kila shule inafundisha mikondo yote. Kama huo ndio mkondo wako, uhamisho wa mzazi unaweza kukuangusha kwenye shule isiyo nao. Wazazi waulize hilo kabla ya kukubali nafasi.

Zipo shughuli zinazokufuata

Kuna vitu vichache ambavyo havikatiki ukihama, na kwa mtoto wa kambini hivi ni dhahabu.

Cha kwanza ni President's Award, mpango ulioanza nchini mwaka 1966 kwa vijana wa miaka 14 hadi 24. Una ngazi tatu: shaba, fedha na dhahabu. Unahesabiwa huduma kwa jamii, kujifunza stadi, mazoezi ya mwili na safari za nyikani. Uliyoyafanya yanawekwa kwenye kumbukumbu zako, kwa hivyo ulichoanzia shule moja unaweza kukiendeleza nyingine yenye mpango huo. Kabla ya kuhama hakikisha kiongozi wako ametia sahihi kila kitu ulichomaliza.

Cha pili ni skauti. Wamekuwepo nchini tangu 1910 na wako kwenye shule nyingi sana. Saluti na ahadi ni zilezile uwe Gilgil au Mariakani, kwa hivyo huingii kama mtu asiyejua lolote.

Cha tatu ni sanaa. Tamasha za kitaifa za maigizo kwa kawaida hufikia kilele likizo ya Aprili, na zile za muziki mwezi Agosti. Ukikosa nafasi uwanjani kwa sababu ya kalenda, huenda kwaya au kundi la mashairi bado linatafuta watu.

Cha nne ni sataranji. Ubao unaingia kwenye begi, unaweza kucheza kwa intaneti na rafiki wa kambi ya zamani, na katika mji mpya mtu mmoja tu anatosha kuanza.

Makaratasi na tahadhari

Fungasha bahasha moja ambayo haiingii kwenye lori. Unabeba mwenyewe. Iwe na nakala kadhaa za cheti cha kuzaliwa, kwa sababu timu za vijana hupangwa kwa umri na kocha ataomba. Weka barua ya kuhama shule, picha ndogo za pasipoti, na vyeti vya mashindano uliyocheza. Kama umesajiliwa na klabu, omba barua ya kukuachilia kabla ya kuondoka. Ukishakuwa kilomita 500 mbali, barua hiyo itakusumbua. Mwombe kocha wako pia aandike mistari mitatu: namba unayocheza, muda uliocheza, na nambari yake ya simu.

Kisha jilinde. Mgeni ni rahisi kutapeliwa. Mtu akikuambia utume pesa ili upate majaribio ng'ambo au nafasi kwenye akademia fulani, mwambie mzazi kabla hujatuma hata bob moja. Mazoezi yawe mahali pa wazi penye watu wengine. Kocha anayetaka kuonana nawe peke yako nyumbani kwake si kocha wa kufuatwa, hata awe na jina kubwa kiasi gani.

Na kwa sisi wa kambini, kuna moja zaidi. Watu watakuuliza mzee wako anafanya kazi gani na yuko wapi. "Ni mwanajeshi" inatosha. Alipotumwa, anarudi lini na yuko na kikosi gani si stori za uwanjani wala za kuweka mtandaoni.

Neno kwa wazazi

Mzee, mama, tunajua hamkuchagua kuhama. Lakini mkipanga lori na shule, pangeni na hili. Waulizeni watoto kabla ya safari wangependa kuendelea na nini. Wapeni siku ya kuwaaga wenzao uwanjani badala ya kuwatoa alfajiri kimyakimya. Na mtoto akiwa mtulivu kupita kiasi katika mji mpya, haulizi kutoka, haombi viatu, msiseme amezoea. Mtoleeni jioni moja.

Mwaka jana baba alipewa uhamisho tena, safari hii Isiolo. Mimi nilikuwa chuoni, nikarudi kusaidia kufungasha. Televisheni ikaingia kwenye blanketi lake. Niliogopa kumtazama ndugu yangu usoni baba alipotoa habari, nikikumbuka Mariakani.

Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Huko Isiolo wanachezanga nini?"

Baba hakujua. Mama hakujua. Ndugu yangu akachukua bahasha yake, akaihesabu karatasi moja moja, akaiweka kwenye begi la mgongoni pamoja na njumu.

Tulifika Isiolo saa kumi jioni. Magodoro yalikuwa bado juu ya lori wakati mama alipoanza kumwita aje ashike upande wa pili wa kabati. Hakuitika. Alikuwa ameshatoka getini.